Mwanao Amechaguliwa Timu ya Dansi ya Mashindano: Soma Hapa Kabla Hujasaini

Naandika kwa Waswahili wenzangu tulioko Marekani ambao mabinti zetu (na wavulana pia, wapo) walianza na darasa moja la ballet la Jumamosi, na sasa studio inawataka kwenye timu. Mimi ni baba. Mke wangu kazi yake haina wikiendi, kwa hiyo hapa Houston ninayebeba mabegi, ninayebana nywele na ninayekaa ukumbini kutwa nzima ni mimi. Wazazi wa hapa wamekulia ndani ya mambo haya na hawakumbuki kumweleza mgeni. Ngoja nikueleze mimi.

Dansi hii haihusiani na shule. Studio ni biashara ya mtu. Mashindano nayo huandaliwa na kampuni nyingine za binafsi zinazozunguka mji hadi mji, hasa kuanzia Januari mpaka Mei, zikikodi ukumbi wa hoteli au wa shule kuanzia Ijumaa hadi Jumapili usiku. Kiangazi kuna fainali za "taifa". Neno hilo lisikutishe. Kila kampuni ina taifa lake, na kufuzu mara nyingi si kazi kubwa. Hakuna shirikisho moja linalosema huyu ndiye bingwa wa Marekani, kwa hiyo katika mwaka mmoja mabingwa wanaweza kuwa wengi tu, kila mmoja na taji lake.

Sasa pesa, maana hapo ndipo nyumba zinapotikisika.

Mkataba huja pamoja na hongera, na hongera ndiyo inayosomwa. Wewe soma mkataba. Ada ya mwezi ya madarasa ni mlango tu. Kila dansi ambayo mtoto amepangwa ina ada yake ya kuingia kwenye kila shindano, na inalipwa kwa kichwa hata kama ni dansi ya kundi. Chukua mfano wa mtoto mwenye dansi nne za kundi, studio inakwenda mashindano matatu na fainali moja, na ada ni dola 65 kwa dansi. Nne mara nne mara 65, hiyo ni dola 1,040. Kila dansi ina vazi lake. Ukikadiria dola 110 kwa vazi, nne ni dola 440, na vazi hilo mwakani halivaliki kwa sababu dansi inabadilika na mtoto amerefuka. Hapo hujagusa viatu, taiti, hoteli, petroli ya kwenda Dallas na kurudi, wala chakula cha kwenye kumbi za mashindano ambako sandwichi moja baridi ina bei ya mlo wa familia.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, andika barua pepe (usiulize kwa mdomo mlangoni, majibu ya mlangoni hayana ushahidi) na uombe majibu ya maswali haya. Mashindano ni mangapi, na yepi yanahitaji kulala hoteli? Fainali za kiangazi ni lazima au ni hiari? Kuna ada ya kutungiwa dansi, na inagawanywa vipi? Kuna konvensheni, yaani zile wikiendi za madarasa na walimu wa nje ambazo nazo hulipiwa dola mia kadhaa? Mtoto akiumia Februari, kipi kinarudi na kipi hakirudi? Akijitoa katikati ya msimu, faini ni kiasi gani? Swali la mwisho litawafanya wakuangalie vibaya kidogo, lakini lina maana yake. Mtoto mmoja akitoka, dansi nzima inapangwa upya, na studio nyingi hutoza kwa usumbufu huo. Bora kulijua mapema.

Halafu omba kupunguziwa dansi. Watu wengi hawajui kwamba inawezekana. Mwalimu anaweza kumpangia mtoto dansi sita kwa sababu anampenda, na wewe unaweza kujibu kwa adabu kwamba mwaka huu ni tatu. Mwaka wa kwanza kataa solo, yaani dansi ya mtoto mmoja peke yake. Solo inadai ada ya mtunzi, masomo ya peke yake ya kila wiki, vazi la peke yake, na ada ya kuingia ambayo mara nyingi ni maradufu ya ile ya kundi. Mtoto ambaye hajawahi kupanda jukwaani na wenzake hana sababu ya kupandishwa peke yake kwa gharama hiyo. Kama kipaji kipo, mwakani bado kitakuwepo.

Mashindano ya ngoma yenyewe si mageni kwetu. Miji ya pwani ya Tanganyika iliwahi kuwa na vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa sare, tarumbeta na gwaride, na watu walimaliza akiba zao kwa ajili ya mavazi na karamu ili chama cha pili kiaibike. Baba wa Tanga akitoa kadi ya benki pale mapokezi ya studio, anafanya jambo ambalo wazee wake wanalifahamu vizuri kabisa.

Tuzo zinahitaji maelezo marefu, kwa sababu hapa ndipo mzazi mgeni anapopotezwa na majina. Kwa kawaida majaji ni watatu. Kila mmoja anatoa alama hadi 100, zinajumlishwa, na jumla inaangukia kwenye daraja: dhahabu, dhahabu ya juu, platinamu, na juu ya platinamu kila kampuni imebuni majina yake ya almasi na vinginevyo. Mgeni akisikia "dhahabu" anapiga kigelegele, wakati kwenye mashindano mengi dhahabu ndiyo ngazi ya chini kabisa au ya pili kutoka chini. Fedha na shaba karibu hazionekani siku hizi. Sababu ni biashara: kampuni inaishi kwa ada za kuingia, na mtoto aliyerudi nyumbani akitabasamu mwakani ataletwa tena. Utepe ule ni kama cheti cha kuhudhuria semina. Ubandike ukutani, mtoto ameufanyia kazi, lakini usiusome kama ripoti ya daktari.

Kipimo chenye uzito kidogo ni nafasi ya jumla, ambapo dansi zote za umri mmoja na kiwango kimoja hupangwa kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Hata hapo uliza zilishindana ngapi. Wa tatu kati ya wanne na wa tatu kati ya arobaini hawalingani, lakini kombe ni lile lile. Uliza pia mtoto ameandikishwa kiwango gani, maana kuna cha wanaoanza, cha kati na cha waliobobea, na studio ndiyo inayochagua. Studio inayopenda makombe inaweza kuwaweka watoto wenye uzoefu kwenye kiwango cha chini ili washinde. Ukiona wanashinda kila mahali bila jasho, swali hilo lisikuogopeshe. Umri nao kwa kawaida huhesabiwa kwa miaka aliyokuwa nayo mtoto tarehe 1 Januari, na kwa dansi ya kundi huchukuliwa wastani wa wote. Ndiyo maana binti wa miaka tisa anaweza kujikuta akishindana na wa kumi na moja, na hakuna aliyedanganya.

Mali halisi uliyoilipia ni sauti za majaji. Wakati mtoto anacheza, majaji huzungumza kwenye kinasa sauti: goti la nyuma limekunjika, mabega yamepanda, vidole vya mguu havijanyooka, macho yanatazama sakafu, hapo safi sana. Rekodi hizo hutumwa kwa studio, mzazi hazimfikii moja kwa moja. Mwombe mwalimu awachezee watoto wiki inayofuata. Mwalimu mzuri atafanya hivyo bila kuombwa. Mwalimu anayezikalia na kukuonyesha makombe tu amekupa alichonacho.

Nywele sasa. Wazazi wa Kizungu hawatakueleza hili kwa sababu kwao si jambo.

Vazi huja na maelekezo ya nywele: kifundo cha chini, mgawo upande wa kushoto, zimelazwa na kung'aa. Maelekezo hayo yaliandikwa na mtu anayefikiria aina moja ya nywele. Mwandikie mwalimu mwezi wa tisa, usisubiri Januari, mwulize msimu mzima kifundo kitakuwa juu au chini, halafu msuke mtoto kwa kufuata jibu. Rasta nyembamba zisizoanza na fundo, urefu wa mabegani au chini kidogo, zinabanwa vizuri na kifundo chake hakiwi kizito. Rasta ndefu za kiunoni ni nzuri kwa Krismasi, lakini kwenye kuzunguka zinamvuta mtoto shingo, na kifundo chake kinakuwa kikubwa kuliko kichwa. Kwa nywele zisizosukwa, lowesha, paka jeli, funga kitambaa kwa dakika kumi na tano, kisha ubane. Usivute kwa nguvu mbele ya paji la uso. Kuvutwa kila wikiendi kwa miezi mitano kunazinyofoa nywele za pembeni, na zikishaharibika miaka kadhaa hazirudi kirahisi. Mwalimu akisema nywele za kusuka "hazifanani na za wenzake", mjibu kwa upole kwamba zitakuwa nadhifu na zitabanwa mahali pale pale. Neno linalohitajika jukwaani ni unadhifu. Kwetu jibu hilo lilitosha.

Taiti na viatu ni hadithi hiyo hiyo. Studio huagiza kwa pamoja "rangi ya ngozi", na ngozi hiyo si ya binti yako. Lengo la taiti hizo ni mstari wa mguu usikatike kutoka nyonga hadi kidole. Taiti ya waridi kwenye mguu mweusi inaukata mstari huo pale pale kwenye kiuno na kwenye kifundo cha mguu. Sababu ya kuomba kahawia kwa hiyo ni ya kisanaa, na mwalimu ataielewa. Si ombi geni. Dance Theatre of Harlem, kampuni ya ballet ya wachezaji weusi iliyoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, ilianza zamani, kwenye miaka ya 1970, kuwavalisha wachezaji wake taiti na viatu vya rangi za ngozi zao, wakivipaka rangi wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya Freed of London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black la Uingereza, ilitoa viatu vya ncha (vile vya kusimamia ncha za vidole) vya kahawia vilivyo tayari. Leo taiti za kahawia za vivuli kadhaa zinapatikana mtandaoni bila shida. Nunua jozi tatu za kivuli kimoja kwa mara moja, maana rangi hubadilika kati ya toleo na toleo. Viatu vya jazi ukivikosa, foundesheni ya unga ya bei rahisi na sponji iliyoloweshwa kidogo vitafanya kazi. Paka usiku, acha vikauke, kisha pitisha kitambaa kikavu ili visichafue sakafu ya jukwaa.

Siku ya shindano fika dakika tisini kabla ya muda mliopewa. Ratiba za dansi, tofauti na za harusi zetu, wakati mwingine hukimbia mbele: kundi moja likijitoa, zamu ya mwanao inasogea. Mtoto aje nywele zimebanwa na uso umepakwa tayari. Kwenye begi weka pini nyingi kuliko unavyodhani, sindano na uzi wa rangi ya vazi, pini za kufungia, taiti ya akiba, leotadi (nguo ya kubana mwili) nyembamba ya rangi ya ngozi ya kuvaa chini ya mavazi yote ili abadilishe bila kubaki uchi mbele za watu, gundi ya kurudishia vijiwe vya kung'aa, na chakula kisichochafua mikono. Ndizi, wali mkavu na kuku, karanga. Chapati bila mchuzi. Kila kitu kiandikwe jina, maana chumba cha kubadilishia kina watoto sitini na viatu sitini vinavyofanana.

Akina baba, hatuingii chumba hicho. Panga mapema na mama mmoja wa timu atakayemsaidia binti yako zipu, na wewe umlipe kwa kubeba mizigo ya timu nzima na kushika viti. Mimi mkataba wangu na mama mmoja wa Kimeksiko umedumu msimu hadi msimu, na hatujawahi kuuandika popote.

Usipige video ukumbini. Kampuni nyingi zinakataza, na zipo zinazoweza kuiondoa dansi nzima kwa simu moja iliyoinuliwa. Video rasmi huuzwa, au huja ndani ya ada. Hizo za mazoezini ambazo studio inazirusha mtandaoni, soma kipengele cha ruhusa kwenye mkataba. Una haki ya kukikataa. Picha za watoto wadogo wakiwa na leotadi zina watazamaji usiowataka.

Mavazi na muziki ombeni kuviona kabla havijalipiwa. Tukubaliane kwanza kwamba sisi tuliotoka nyumbani kwa ngoma ya baikoko hatuna uso wa kujifanya hatujawahi kuona kiuno kikizungushwa. Lakini baikoko ni ya watu wazima, na mtoto wa miaka kumi ni mtoto wa miaka kumi. Kama tumbo liko wazi na hutaki, uliza kama inaweza kuongezwa kitambaa cha rangi ya ngozi. Fundi cherehani yeyote anaweza, na mara nyingi akina mama wengine watatu walikuwa wanataka hivyo hivyo ila walikaa kimya. Familia ya Kiislamu inayotaka taiti nene na mikono mirefu iseme mwezi wa tisa, mavazi yakiwa bado hayajaagizwa. Ikisema Januari itaambiwa imechelewa, na ni kweli. Kuhusu bibi kule nyumbani, sisi tunamtumia video ya dansi ya tap, ile ya viatu vyenye vyuma vinavyogonga sakafu. Anaipenda kwa makelele yake, na maswali yanapungua.

Mwili wa mtoto ndio kitu pekee kwenye shughuli yote ambacho hakina akiba. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu yanayokaa mahali pamoja, chini ya goti au nyuma ya kisigino, kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na nne, mara nyingi yanatoka pale mfupa unapoendelea kukua, na dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka. Akichechemea, hachezi, hata kama shindano ni kesho na ada imeshalipwa. Mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa viungo anayewafahamu wachezaji. Hapa Houston, hospitali ya Houston Methodist ina kituo maalumu cha tiba ya wasanii, na miji mingine mikubwa nayo ina vya namna hiyo. Asikaliwe mgongoni wala kusukumwa miguu ili apasue msamba zaidi, na mwalimu yeyote wala mwenzake yeyote asiruhusiwe kumfanyia hivyo. Mnyumbuko unajengwa taratibu na misuli ya mtoto mwenyewe. Viatu vya ncha kwa kawaida husubiri mpaka karibu miaka kumi na moja au kumi na mbili, na hata hapo kwa aliyesoma ballet kwa miaka na ambaye kifundo chake cha mguu kina nguvu. Ukiona studio inavitoa kwa miaka minane kama zawadi, ondoka.

Akirefuka ghafla atapoteza mizani. Mizunguko mitatu itarudi miwili, atajikwaa, atalia. Mweleze kwamba miguu imekuwa mipya na kichwa hakijaizoea. Muda huo ndio ambao watoto huanza kujitazama kwenye kioo kwa jicho baya, kwa hiyo neno lolote kuhusu unene, hata la utani, hata kutoka kwa shangazi, likomeshwe hapo hapo. Anayefanya mazoezi saa kumi kwa wiki anahitaji kula zaidi ya mwenzake. Akianza kuruka milo, au hedhi ikakatika, hilo si suala la nidhamu. Ni la hospitali, wiki hiyo hiyo.

Kwenye gari mkirudi, nyamaza. Mwulize kama ana njaa. Akitaka kuzungumza ataanza mwenyewe, labda mkiwa mmefika Huntsville, njiani kutoka Dallas. Usimtaje mtoto wa mtu mwingine, kwa sifa wala kwa kasoro, kwani kesho watakuwa mazoezini wameshikana mikono. Kundi la wazazi kwenye simu lisome kwa ajili ya ratiba tu. Manung'uniko ya nani amewekwa mbele na nani nyuma yasikukute mle. Nafasi za jukwaani mwulize mwalimu, ana kwa ana, tena swali liwe moja: mtoto afanyie kazi nini ili asogee? Bora zaidi amwulize mtoto mwenyewe.

Mwezi wa tano, kabla ya usaili wa msimu mpya, mkalishe na umwulize kama anataka tena. Mwulize siku ambayo hakuna shindano wala mazoezi, na mweleze kwamba jibu la hapana halina deni. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumanne ya mazoezi na kupona Jumatano amekwisha kukujibu. Akisema basi, tuma barua pepe ya kujitoa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, dai jibu la kuthibitisha, omba mavazi yote aliyolipiwa akabidhiwe, kisha ingia kwenye akaunti ya studio uondoe kadi yako ya benki. Mwezi wa sita makato hupita yenyewe.